Waliovua Kofia

Mwanangu Otmari,

Karatasi hii utaikuta juu ya sanduku lako ukirudi kutoka kuagana na wenzako. Nawasikia mnavyocheka huko kwa jirani, na sauti yako naitambua hata ikiwa katikati ya kundi zima. Ningeweza kukuita tukae jikoni nikueleze kwa mdomo, lakini nimejaribu tangu Jumapili na mdomo umekataa. Kila nikitaka kuanza, nakuuliza kama umeshiba. Basi nimeona niandike, maana masista hawakunifundisha bure. Na wewe kazi uliyoipata ni ya kusoma karatasi za watu. Soma na hii ya mama yako.

Habari za sweta, za kuchemsha maji na za kukaa mbali na walevi sitaziandika. Bibi yako atakwambia hayo yote kesho mpaka dereva achoke kungoja. Mimi nina jambo moja tu, nalo linahusu sinema ya Jumamosi.

Unajua nilivyojivuna siku ile. Nilivaa gauni la kanisani. Nilimbebea bibi yako kigoda, nikamkalisha mbele kabisa pale uwanjani Litembo, na kila aliyepita nilimwambia kwamba kijana atakayesema kwenye kipaza sauti ni wangu. Hata aliyekuwa anajua nilimwambia. Fundi wa sinema alikuwa amesema kwamba ukisoma vizuri mbele ya watu wa kwenu atakuchukua moja kwa moja, uzunguke na gari la serikali Songea hadi Njombe. Nikakaa nikiomba Mungu usikwame kwenye maneno. Hayo ndiyo yalikuwa maombi yangu yote.

Na hukukwama. Picha ya mpira ilipokwisha, ikaja ile ya mkonge. Filamu ya zamani ile, ina mikwaruzo kama inanyeshewa mvua. Ukasoma kwamba hili ni shamba la mkonge, vibarua wana nyumba nzuri, wanapata posho, wana daktari. Wakaonekana watu wamesimama mstari, wale wa mbele wakavua kofia zote kwa pamoja, wakaziweka kifuani. Ukasoma, nakumbuka kila neno: "Hawa ni wenzenu kutoka upande wa Mbinga. Wanavua kofia kuwasalimu ninyi mliobaki nyumbani. Tazameni vichwa vyao vilivyonyolewa. Usafi ni afya, na afya ni kazi." Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, tena nilikuwa napigia sauti yako. Picha sikuwa naitazama sana.

Bibi yako akanishika mkono. Unamjua bibi yako, akikushika huchomoki.

"Wamenyoa," akasema.

"Ni usafi, Mama. Si umemsikia mjukuu wako?"

"Wale wa nyuma mbona wana nywele?"

Ndipo nikatazama. Mstari wa nyuma walikuwa watu wa makabila mengine, kofia zao kichwani, na nywele zinachungulia masikioni. Wa mbele tu ndio walikuwa na vipara, tena vya kunyolewa vibaya, vina chale za wembe. Bibi yako akasema polepole, kama mtu anayehesabu vifaranga vyake jioni: "Chawa hachagui kabila. Hawa wamefiwa. Wanaume wazima hawanyoi siku moja bila msiba. Nani amekufa?"

Mwanangu, nikasogeza kichwa nione vizuri. Nikaanza kuwatambua. Yule wa kwanza alikuwa Longinus, rafiki ya baba yako, waliokua pamoja na kuondoka pamoja. Aliyefuata ni wa mlima wa pili, na anayemfuata alikuwa anaimba nasi kwaya. Wote walioondoka na baba yako asubuhi moja walikuwa pale wamesimama, kofia kifuani. Baba yako hakuwepo. Kabla sijawahesabu tena, lile shuka la sinema likaonyesha korona, ile mashine ya kusaga mkonge, na wewe ukaendelea kusoma habari za nyuzi na kamba.

Sikulia. Nilibaki nimekaa watu wakinipita na vigoda vyao. Ukaja unakimbia, umetoka jasho, ukaniuliza, "Mama, nimesoma vizuri?" Nikakujibu kwamba umesoma vizuri sana. Bibi yako alikutazama tu. Ulidhani amechoka.

Sasa nikuambie kwa nini nilishtuka vile, maana ukiwa mtoto nilikulisha habari nyingine.

Baba yako Kassian alikwenda mkonge kwa sababu ya kodi ya kichwa. Kahawa yetu ilikuwa bado changa, haijatoa hata punje. Mimi sikutaka aende. Tuligombana mpaka asubuhi ya safari, naye hakuwa mtu wa kugombana, akawa ananitania tu. Kule kwenye mteremko wetu alikuwa amekwisha kufyeka na kupanga nyasi za ngoro, yale mashimo yetu ya kulimia; hiyo ni kazi ya mwanaume, imebaki yangu ya kufukia udongo. Akanionyesha kwa kidole: "Nyasi hizo nimezipanga mimi. Wewe fukia. Tutakula wote mahindi yake." Nikamwambia aende zake na maneno yake. Wewe ulikuwa umeanza kuchunga mbuzi, ulimsindikiza hadi kijitoni ukarudi unalia.

Baada ya muda karani wa wale wanaoandikisha manamba akaja Mbinga, akatuita sisi wake za watu waliokwenda. Kila mmoja akaambiwa habari yake. Ilipofika zamu yangu akasema mbele ya wote: "Kassian ametoroka kazini. Inasemekana yuko na mwanamke huko pwani." Otmari, niliamini kabla hajafunga mdomo. Hakunionyesha kitu wala sikumuuliza kitu. Baba yako alikuwa na sura nzuri na ulimi mtamu, na mimi nilikuwa na wivu wangu niliokuwa nikiufuga tangu harusi. Karani aliupa chakula tu.

Nikarudi nyumbani nikatoa blanketi lake nikampa mpita njia. Bibi yako akasimama mlangoni akaniambia, "Mwanangu hawezi kuacha ngoro zake nusu. Twende bomani kwa bwana shauri tukaulize." Nikamjibu kwamba mtoto wake amelelewa vibaya. Nilimjibu hivyo mama mkwe wangu, mwanamke aliyenizalisha wewe kwa mikono yake. Akarudi ndani. Lakini tangu siku ile hajawahi kusema "marehemu" wala hajawahi kusema "alitoroka". Husema tu "mwanangu".

Na wewe ulipokuwa ukiuliza baba anarudi lini, unakumbuka nilikujibu nini? Nilikujibu kwamba baba yako amepata watoto wengine. Ukaacha kuuliza. Nikajisifu moyoni kwamba nimekukomaza.

Padri alinishauri mara moja tumwombee kwenye misa, awe hai au mfu. Nikasema mtu wa namna ile haombewi.

Basi Jumapili, unakumbuka, nilikuaga kwamba nakwenda kununua usipa, dagaa wa ziwani. Ukanicheka, ukasema usipa hata Mbinga sokoni upo. Ni kweli nilikudanganya. Niliteremka hadi Mbaha, kwa kuwa Longinus alihamia huko ziwani akaoa kwa Wanyasa. Nilikuwa nimeshangaa siku zote kwa nini mtu wa milimani aache shamba lake akajifunze uvuvi ukubwani.

Nilimkuta ufukweni anaanika usipa juu ya mchanga pamoja na mke wake. Aliponiona hakuinuka.

"Shemeji," akasema. "Umekuja."

"Nimeona sinema, Longinus."

Akaacha kuanika. Akamwambia mke wake atuletee maji, na mke akaelewa kwamba asiyalete upesi.

"Mlimnyolea nani?" nikamuuliza.

"Unajua."

"Najua. Nataka niambiwe."

Akaniambia. Kazi kule ilikuwa ya kipimo, mtu akimaliza kipimo chake siku yake inaandikwa kwenye kipande, kadi yake ya kazi. Siku moja kipimo kikaongezwa bila maelezo. Waliokuwa wanamaliza mchana wakawa wanamaliza jua linazama, na wasiomaliza siku yao ikawa haiandikwi. Baba yako akamwambia nyapara, "Kazi tuliyokubaliana ni ile. Hii ni nyingine." Kesho yake wa kwetu hawakutoka kambini. Wengine wakawafuata, hadi korona ikanyamaza, na Longinus anasema kwamba ukimya ule uliwatisha wao wenyewe, hawakuwahi kusikia ndege wa pale. Askari wakaja. Baba yako akasimama mbele kwa kuwa ndiye aliyejua Kiswahili kizuri cha kuwaeleza. Walimpiga rungu la kichwa akiwa bado anaeleza.

Alifia kambini, kichwa mapajani mwa Longinus. Wakamzika pembeni mwa shamba, karibu na kijito, wakaweka msalaba wa vijiti ambao uling'olewa. Wakanyoana kwa wembe mmoja bila sabuni. Kisha nyapara akawakusanya akasema, "Kassian ametoroka. Atakayesema vingine, huyo ndiye aliyeanzisha fujo." Ndiyo habari ile karani alituletea Mbinga, ilishapikwa tayari.

Wiki ileile akaja bwana mmoja na mashine ya kupigia picha. Vibarua wakapewa kofia mpya, wakaambiwa ni za picha na zitarudishwa. Wa kwetu wakapangwa mbele, wakaambiwa watabasamu.

"Tulikaa jioni tukashauriana," Longinus akasema. "Mmoja wetu akasema sinema hizi huzungushwa na gari mpaka vijijini. Siku moja itafika kwetu. Barua wataisoma njiani na kuichana, lakini vichwa vyetu nyapara hawezi kuvisoma. Mama zetu wataweza. Basi mashine ilipoanza kulia, tukavua kofia."

"Hamkuambiwa mvue?"

"Tuliambiwa tuvae. Yule bwana alifurahi, akadhani tunasalimu. Akauliza vipara ni vya nini, nyapara akamjibu ni usafi."

Nilikaa chini kwenye mchanga. Watu wale walikuwa wamefiwa, wamepigwa, wametishwa, na bado walipata njia ya kututumia taarifa ya msiba. Ikatembea miaka yote hiyo ndani ya gari la serikali yenyewe. Ikafika hadi uwanjani kwetu, na mimi nikaipigia makofi.

Nikamuuliza jambo lililokuwa linanichoma: "Uliporudi, kwa nini hukuniambia?"

Akapangusa mchanga mikononi. "Shemeji, nilikuja. Umesahau?"

Sikuwa nimesahau. Nilikuwa nimelifukia. Alikuja kweli, siku ileile aliyorudi, bado ana vumbi la safari. Akapiga hodi, nikatoka, na kabla hajasalimia nikamwambia, "Kama umeleta habari ya Kassian, rudi nayo. Jina lake halitajwi kwenye nyumba hii." Alikuwa amefumbua mdomo tayari. Akaufunga, akaweka chini chumvi aliyotuletea, akaondoka. Chumvi tuliila, Otmari. Nilisema moyoni, tazama, rafiki wa mtoro ana haya.

Nyapara alimtisha akiwa mbali, lakini aliyemfunga mdomo ni mimi, tena akiwa mlangoni pangu.

Longinus hakunilaumu. Aliokota usipa mmoja akauweka sawa juu ya mchanga. "Na hiyo sinema," akauliza, "aliyekuwa anaisemea ni nani?"

"Mwanawe."

"Otmari? Alisema nini pale tulipovua?"

"Usafi," nikamwambia.

Akageuka akatazama ziwa. Mke wake alikuja na maji, akayaweka akaondoka.

Mwanangu, sikuandikii haya ili uone aibu. Ulisoma ulichopewa. Ila nilikutazama vizuri Jumamosi ile, na kuna kitu nilikiona ambacho nataka ukijue. Ulisimama pembeni mwa gari, uso kwetu, macho kwenye karatasi. Shuka lilikuwa nyuma yako. Baba yako alikuwa anazikwa nyuma ya mgongo wako, na wewe ulikuwa unatusomea. Nakuelewa, kwa sababu mimi nilisimama hivyohivyo miaka yote. Karani alisema, nikamsikiliza karani. Ngoro zilikuwa pale mteremkoni, nyasi zimepangwa na mtu aliyekusudia kurudi, na mimi nazipita kila siku na jembe langu bila kuziuliza kitu.

Nilifikiri kukukataza usiende. Jana nilikuwa nimeamua kabisa. Halafu nikawaza, ukiacha watampata mwingine, naye atasimama vilevile, ila yeye hatakuwa na mtu wake ndani ya picha ile. Wale wengine waliovua kofia nao wana mama zao huko njiani utakakopita, na wengine hawakurudi, wala hatujui makarani wa huko waliwasema nini. Nenda.

Lakini simama upande upande, uone shuka. Na ikifika pale kofia zinapovuliwa, nyamaza. Sikuombi useme maneno ya kukufungisha, najua gari ni la nani na bunduki ni za nani. Nyamaza tu mpaka picha ipite. Mashine itakuwa inalia yenyewe, watu watatazama, na kila uwanja una bibi kama huyu wako. Fundi akikuuliza mwambie ulipaliwa. Hakuna sheria ya kumfunga mtu aliyekohoa.

Fundi alisema kijana akiwa mwepesi hufundishwa hata ile mashine yenyewe ya kupiga picha. Wewe ni mwepesi, usijifanye mnyenyekevu kwangu. Siku ukiishika, anzia Mbaha. Nilimuuliza Longinus kama atakubali kukaa mbele yake akaeleza, naye ni mtu aliyekaa kimya mpaka kimya kikawa kama nguo yake. Akasema, "Akija nitakaa. Lakini aniulize mwenyewe, asinisomee." Wamebaki wachache, na usipa hauwafanyi watu waishi milele. Kisha ufike kule pembeni mwa shamba, penye kijito. Longinus atakuelekeza. Mkonge umeota juu yake labda, lakini kijito hakihami.

Nimempata padri, misa itasomwa Jumapili, wewe ukiwa safarini. Jina lake litatajwa kwa sauti kanisani, nami nitakuwa mbele.

Leo mchana, ulipokwenda kupeleka sanduku likafungwe kamba, bibi yako alinyoa kwanza. Sikuwa nimemwambia niliyoyasikia Mbaha. Jumapili niliporudi na kikapu cha usipa alinitazama usoni tu, na leo akaenda kuchukua wembe. Alipomaliza akaniambia nikae. Nilikaa kati ya magoti yake. Nilimwomba msamaha nikiwa nimempa kisogo, maana usoni nisingeweza. Akasema, "Inamisha kichwa, nisije nikakukata." Ndiyo maana jioni umetukuta wote tumejifunga vitambaa, ukatutania kwamba tunajipamba kwa ajili ya safari yako.

Wembe uko ndani ya besheni, kando ya kinu. Maji nimeyaacha jikoni, na sabuni ipo, siyo kama kule. Ukitaka, niamshe mimi au mwamshe bibi yako, yeye mkono wake ni mzuri zaidi. Usipotaka, nenda na nywele zako, wewe ni mtu mzima sasa na msiba huu umekujia ghafla kama ulivyonijia mimi. Sitakuuliza.

Ila kesho gari litakapokuwa linageuka pale barabarani, na wewe umekaa juu na mizigo, usitazame mbele. Tazama tulipo. Mimi na bibi yako tutavua vitambaa.

Ni mimi mama yako, mjane wa Kassian.